Tano kati ya Sitini na Nne

Kwa Mpwa wangu, Mtengenezaji wa Programu za Bure,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKALI WAKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi, maana nafasi za wenzako huzionei huruma.

Nakupongeza kwa kutunga programu ya kupanga matokeo ya mitihani na kuigawa bure. Kama ujuavyo, mimi ndiye mwalimu wa taaluma hapa shuleni, na alama zote za wanafunzi mia na themanini wanaomaliza mwaka huu zimo kwenye kompyuta moja tu, hii ya ofisini kwangu. Pamoja na pongezi hizo, nina dukuduku.

1. Umeandika kwamba programu ichukuliwe kwenye tovuti yako tu. Mimi nilipewa na rafiki yangu, fundi simu wa jirani na shule. Aliniwekea kwenye flashi, akaniongezea na michezo miwili ambayo wewe, mtoto wa dada yangu, hukunifikiria. Mtu mkarimu hivyo namshukuje?

2. Unataka tulinganishe herufi na tarakimu sitini na nne ulizoandika wewe, ati ndizo alama ya kidole ya programu isiyochezewa, na zile zinazotolewa na kompyuta. Nilitii. Mimi nilisoma, mke wangu akafuatisha kwa kalamu nyekundu. Tulipofika ya tatu akaweka kalamu chini akasema, "Mwenzangu, hii siyo yenyewe." Nikamwomba avute subira, kwani mtihani hausahihishwi kwa swali moja.

3. Zililingana tano, yaani karibu asilimia nane. Katika hesabu ninayofundisha, wapo waliopanda darasa kwa pungufu ya hapo, na leo ni watu wazima wenye heshima zao. Wewe mwenyewe, sipendi kufukua ya kale, muhula mmoja ulipata sita. Nani alikutupa?

4. Maelezo yako yanasema hata moja ikitofautiana, programu nzima itupwe. Hakuna rufaa wala mtihani wa marudio. Mwanangu, mimi wanafunzi wananiita Chui, lakini huko sijafika.

Kwa hiyo naomba uweke alama ya kufaulu, nane inatosha. Kwa upande wangu programu nimeshaiingiza, na nimewagawia walimu wa shule saba za jirani ili wasipate usumbufu nilioupata.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hasa dada yangu, umwambie amelea mtoto asiyesamehe.

Wako niliyeonewa,
Mjomba,
Mwalimu wa Taaluma

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimewasha kompyuta. Majina yote yapo, ila kila mwanafunzi ana sifuri, kila somo. Nakala nyingine sikuweka. Wazazi wanakuja Ijumaa kuchukua matokeo, na shule tatu zimeshanipigia simu, sijapokea. Naogopa, mwanangu. Njoo na programu yenyewe. Hizo sitini na nne nitazisoma moja moja, na ikipishana hata moja nitaitupa kwa mkono wangu.