Kuku Arobaini na Mmoja

Alhamisi, 6 Juni

Mkutano wa kijiji. Nimekaa mstari wa mbele ili nionekane. Mwenyekiti amesoma barua ya shirika la msaada. Wafadhili wana zawadi moja kwa kijiji chetu mwaka huu. Moja tu! Ama paa la shule, ama jokofu la sola la zahanati, ama vifaa kwa kikundi cha biashara ndogo. Watakuja Jumanne saa tatu asubuhi, wajionee kwa macho yao, kisha waamue.

Mke wangu, ambaye ndiye muuguzi pekee wa zahanati yetu, amesimama kuomba jokofu. Amesema kila Jumanne huondoka alfajiri kwenda kuchukua chanjo hospitali ya wilaya, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, boksi la barafu begani. Barafu ikiyeyuka, chanjo zilizobaki zinatupwa na kina mama wanarudishwa. Sentensi nne, akakaa. Hajui kuomba huyu. Hata chozi hakutoa.

Akafuata shemeji, kaka yake, ambaye ni Mwalimu Mkuu. Ameliombea paa robo tatu ya saa. Neno "mustakabali" amelitumia mara saba.

Mimi wazo lilinijia palepale nikiwa kwenye benchi. Kikundi cha biashara ndogo! Mashine ya kutotolesha vifaranga! Kuna vikwazo viwili vidogo: sina kikundi, na sina kuku. Lakini kikundi ni karatasi tu, na kuku anaazimika.

Biashara ikishika nitamnunulia mke wangu pikipiki. Akiwa na pikipiki, jokofu la nini? Kuna wanaume wanaopenda wake zao moja kwa moja. Mimi napitia vifaranga.

Ijumaa, 7 Juni

Fomu imejazwa. Jina: Kikundi cha Maendeleo ya Ufugaji wa Kisasa. Mwenyekiti: mimi. Mhazini: mlinzi wa zahanati, kwa sababu ana sare. Katibu: mama mkwe. Bado sijamwambia.

Wanachama wanatakiwa kumi. Nimepata tisa kwa kukumbuka majirani mmoja mmoja. Wa kumi kanishinda, nikajiandika tena kwa mkono wa kushoto, kwa jina langu la utotoni.

Idadi ya kuku: arobaini na mmoja. Arobaini kamili ingeonekana ya kubuni.

Mke wangu ameuliza naandika nini. Nimesema barua ya shangazi. Akasema shangazi kapita hapa asubuhi kuomba chumvi, mbona sikumwambia kwa mdomo. Nimesema kuna mambo ya siri ya ukoo. Kisha akaendelea kupiga pasi sare yake.

Jumapili, 9 Juni

Siku nzima nyumba kwa nyumba kuazima kuku. Maneno yangu ni yale yale kila mlango: niletee Jumanne alfajiri, uchukue jioni, mashine ikija vifaranga wa kwanza ni wako. Wa kwanza nimeshawaahidi watu kumi na wanne.

Hapa kila nyumba hufunga kuku wake uzi mguuni, ili wasichanganyike na wa jirani. Mwekundu, bluu, kijani, kipande cha leso. Hiyo imenirahisishia kazi, hakuna atakayedai kuku asiye wake.

Mama mkwe ametoa saba pamoja na jogoo wake. Jogoo anaitwa Diwani, maana kelele anazo na kazi hafanyi. Mama ameuliza nitawafunga kwa kamba gani. Nimesema siwafungi, wageni wataona ni utesaji. Akasema mwanangu, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba methali hiyo ni ya kuku wa zamani.

Mlinzi wa zahanati ametoa wanne. Mmoja ni yule mweusi anayetagia chini ya meza ya chanjo. Mke wangu amemfukuza mwaka mzima na ameshindwa.

Jumla thelathini na tisa. Wawili wamepungua. Shemeji anao wawili hasa, nikaenda. Amekataa, ati ni wa somo la sayansi. Uchoyo mtupu! Basi wawili waliopungua watakuwa likizo ya uzazi.

Jumatatu, 10 Juni

Banda limekamilika. Nimetumia mabati ya choo, mbao za kitanda cha wageni na mlango wa jiko. Mke wangu ameuliza mlango wa jiko uko wapi. Nimesema umeitwa kwenye maendeleo.

Mchana nimepita shuleni kupeleleza. Nimemkuta shemeji juu ya paa na ndoo. Sasa ni kiangazi, paa halivuji, na mtu anayeomba paa lisilovuja ana shida. Kwa hiyo anapanga kulivujisha mwenyewe. Nimecheka mpaka nikashika mti. Yeye naye akauliza kuku wangu wanaendeleaje, na kama kuna yeyote nimeshawahi kukutana naye.

Jioni mke wangu amejua. Mlinzi kamwambia kwa furaha kwamba yeye sasa ni Mhazini. Nilingoja ugomvi, haukuja. Amekaa kwenye kigoda, karibu na pale palipokuwa na mlango, akasema wiki iliyopita amewarudisha kina mama kumi na mmoja. Mmoja alikuwa ametembea tangu jana yake. Amesema kama zawadi itakuwa vifaranga, yeye ataendelea kutembea, kwani miguu ni yake na ameizoea.

Jibu nilikuwa nalo, tena zuri, lakini lilikuwa la pikipiki, na pikipiki ni siri.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya siku. Mke wangu kaondoka alfajiri na boksi lake. Kuku wameletwa wote thelathini na tisa. Nimewamwagia mahindi, nikavaa koti. Saa tatu, kimya. Saa sita, kimya. Mahindi yameisha, nimewapa ya mbegu. Saa tisa Diwani amempiga jogoo wa jirani na kukalia ndoo ya maji. Koti limelowa jasho.

Gari la shirika lilikwama mtoni. Limefika saa kumi na moja na nusu!

Afisa ni mwanamke mrefu mwenye daftari na viatu vya matope. Alianza shuleni. Nilifuata nyuma kama raia mwema. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa na ndoo zake tangu asubuhi, na mwalimu wa zamu ndiye aliyekuwa akieleza kuhusu mvua. Maji yakashuka kwenye dawati la mbele. Afisa akainua uso kuangalia tundu, na kwenye tundu kulikuwa na jicho la Mwalimu Mkuu. Wakatazamana. Afisa akamsalimia. Shemeji akaitikia marahaba, kwa kuchanganyikiwa, maana yule mama ni mkubwa kwake. Nikajua ushindi ni wangu.

Kwangu mambo yalianza vizuri kupita kiasi. Afisa aliuliza nyuzi za miguuni ni za nini. Nikasema ni mfumo wa kumbukumbu: nyekundu wanaotaga, bluu wanaopumzika, leso uongozi. Akaandika yote. Akasema hajapata kuona kikundi chenye utaratibu namna hii. Nikaanza kumweleza pa kuiweka mashine.

Hapo jua likagusa mti wa jirani. Diwani akanyoosha shingo, akakung'uta mbawa, akatoka. Hakuharakisha. Kuku saba wenye uzi mwekundu wakamfuata. Kisha wa bluu wakatoka, wakakata kushoto. Wa kijani wakapita chini ya ua kwenda kwa fundi baiskeli. Wale wa leso, uongozi wote, wakapita kati ya miguu yangu.

Afisa akauliza wanakwenda wapi. Nikasema zamu ya usiku.

Akasema angependa kuiona hiyo zamu. Tukawafuata. Sijawahi kutembea njia ndefu hivyo. Kwa mama mkwe tulimkuta mlangoni akiwapokea kuku wake kwa majina na kuwapa pole ya kazi. Afisa akamwamkia kama Katibu wa kikundi. Mama akasema yeye ni mjane, ukatibu haujui, ila Diwani amerudi na njaa na aliyemwazima ataeleza.

Nikafikiri yameisha. Lakini kuku mweusi alikuwa bado mbele yetu, peke yake, anakwenda kwa hatua za mtu aliyechelewa kazini. Afisa akamfuata. Kuku akaingia zahanati, akapita mapokezi, akaingia chumba cha chanjo, akaenda chini ya meza.

Mke wangu alikuwa amekaa sakafuni, viatu amevua. Boksi liko wazi, ndani maji matupu. Kwenye benchi kina mama sita na watoto wao, wanajifunga mbeleko kuondoka, maana wameambiwa warudi Jumanne ijayo. Alikuwa anaweka vichupa vilivyoharibika kwenye ndoo, kimoja kimoja, polepole, vizima visivyofunguliwa. Hakutuona. Mtoto mmoja alikuwa analia, na mama yake anamwambia mke wangu asante.

Nimemwoa miaka tisa. Sijawahi kwenda zahanati Jumanne jioni, hata mara moja. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya meza na yule kuku. Afisa alifunga daftari. Akakaa sakafuni naye, na matope yake, akamuuliza kuhusu barafu. Mimi nilichukua lile boksi nikaenda kumwaga maji nje. Hata tupu lilikuwa zito. Nilikaa nalo nje mpaka gari likaondoka.

Jumatano, 12 Juni

Watu kumi na wanne wamekuja kudai vifaranga wa kwanza. Nimewaambia wajipange kwa mstari. Wamekataa, maana kila mmoja ni wa kwanza.

Mama mkwe amejiuzulu ukatibu. Amesema anajiuzulu kabla hajajua ni nini, asije akaupenda.

Mke wangu ameongea nami neno moja: mlango. Nimeurudisha.

Ijumaa, 28 Juni

Barua imefika! Mwenyekiti wa kijiji kaisoma mbele ya watu. Jokofu. La zahanati. Barua inasema kwamba ugeni wao ulifikishwa mahali penye shida kubwa zaidi "na kuku mmoja mweusi".

Nimesimama kukumbusha mkutano ni nani aliyemleta kuku huyo kwenye shughuli. Bila mimi Afisa angekagua mapokezi, angekunywa chai, angeondoka. Watu wamecheka, mlinzi akasema kuku ni wake. Shemeji naye akasema kama si ndoo zake Afisa asingeonja shida ya maji hata kidogo. Mtu huyu hana haya! Kujipa sifa ya jambo ambalo ulitaka kulizuia!

Mke wangu alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, yule yule asiyejua kulia mbele za watu.

Jumanne, 9 Julai

Jokofu limefungwa wiki iliyopita. Jeupe, linanguruma taratibu. Chanjo zinaletwa mara moja kwa mwezi kwa gari. Leo kina mama wote wamechanjwa kufikia saa sita, hakuna aliyerudishwa. Saa nane mke wangu alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Nilikuwa sijui uso wake unafananaje Jumanne mchana. Nilifurahi mpaka nikamwongezea sukari bila kuambiwa.

Tukiwa tunakunywa nikamuuliza, kwa upole, kama rafu ya chini ya jokofu ina kazi. Nilifikiria soda kumi na mbili tu, baridi, za kuwauzia wanaongoja foleni. Alinyanyua kola ya sare. Chini yake kuna kamba, na kwenye kamba kuna ufunguo. Akasema kufuli ameliweka tangu siku ya kwanza, kabla hata ya chanjo. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kisha akaniambia kwamba lile boksi la barafu aliliona siku ile mikononi mwangu, na kwamba amelitunza. Nikashindwa kunywa chai.

Nimetafakari sana. Mtu lazima ajifunze kutokana na makosa yake, na mimi nimejifunza. Mama mkwe alisema kweli kuhusu kamba. Kosa langu lilikuwa moja na dogo: nilichagua mfugo unaotembea huru.

Mbuzi huja na kamba yake. Ukimfunga asubuhi, jioni yupo. Jirani anao kumi na wawili, fundi baiskeli anao watano, na shirika linarudi mwakani. Fomu nimeshajaza. Idadi ya mbuzi: thelathini na mmoja. Katibu: mke wangu.

Bado sijamwambia.