Kireno cha Pasi

Jumatatu, 2 Machi
Mwalimu mkuu ametangaza kwamba watoto wa darasa la pili wataonjeshwa lugha ya kigeni na maisha ya wanaoizungumza. Akauliza nani anajua Kireno. Rula, mwalimu wa darasa la tatu, tunamwita hivyo kwa kuwa mgongo wake haupindi, akaanza kuinuka. Nikamtangulia. Nimekisoma miaka miwili, nikasema. Sijui kilichonisukuma. Kwa kweli nakijua: ni kile chumba chenye feni mwisho wa korido. Atakayefundisha atapewa.

Jumanne, 3 Machi
Nimepata kitabu. Ni kijitabu kilichokuja na pasi ya mke wangu. Kurasa zote zimechanika, umebaki mmoja wa Kireno, wenye michoro. Wa kwanza ni kiganja wazi, vistari vinapanda kukizunguka. Mtu anapunga mkono, yaani salamu. Nimeandika: "Cuidado, superfície quente", habari za asubuhi, mwalimu mpendwa. Wa pili ni beseni la maji. Hiyo ni karibu ndani, mgeni, unawe mikono. Mke wangu aliuliza ninacheka nini na pasi. Nikamwambia mambo ya kitaaluma.

Alhamisi, 5 Machi
Chumba ni changu. Feni inazunguka. Watoto arobaini na wawili wanasalimiana viganja juu. Nimewafundisha na utamaduni: Mreno haketi kabla ya kupunga mkono. Kuna binti mmoja kibogoyo, tunamwita Kwanini. Akauliza "mama" inasemwaje. Nikamwambia hilo liko somo la kumi. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Rula alipita mlangoni mara tatu. Roho yangu kwatu.

Jumatatu, 9 Machi
Siku mbaya. Rula kamleta shangazi yake. Kumbe mama huyo alikuwa muuguzi Urenoni miaka kumi na minane. Wakaingia na mwalimu mkuu. Nilitaka kutangaza jaribio la hesabu, watoto wakawahi kusimama. Viganja juu, kwa sauti moja wakamwonya shangazi kwa Kireno ajihadhari, ni moto. Akaondoa mkono mlangoni haraka. Wakamwonyesha kiti na kumsihi asitumbukizwe majini. Shangazi akachungulia chini ya kiti, kisha akacheka mpaka akajishikiza ubaoni. Mkuu akaomba atafsiriwe. Akatafsiriwa.

Halafu Kwanini akamwuliza lile neno lake. "Mãe," shangazi akajibu.

"Ni hilo tu?" Kwanini akanigeukia. "Mbona fupi, mwalimu? Ulikuwa unalificha la nini?"

Mama yake anafanya kazi huko Urenoni tangu mwaka jana. Hupiga simu Jumapili. Mtoto alitaka kumshtukiza. Nilifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Alhamisi, 12 Machi
Shangazi ndiye mwalimu sasa. Mimi nimeamriwa kukaa benchi la mbele, nijifunze na wenzangu. Magoti yananigusa kidevu. Kwanini ananisahihisha matamshi. Amenipa moyo kwamba hata wajinga huelewa wakikazana. Rula alimletea shangazi chai, katika chumba changu, chini ya feni yangu. Alinipungia kiganja.

Jumatatu, 16 Machi
Kwanini amenisimulia simu ya jana. Mama yake alimwomba alirudie neno hilo mara tatu, kisha akasema simu inakatika, nayo haikuwa inakatika. Nikajifanya naangalia dirishani. Nikaapa kimoyomoyo: uongo basi, mwisho leo.

Saa nne tukaitwa kikaoni. Mwaka ujao darasa la kwanza nalo litaonjeshwa Kijapani. Mkuu akauliza kama kuna anayekijua. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafika kwenye alama ya kuuliza. Rula akauliza, kwa upole mno, nakijua kiasi gani.

Nimesema si sana. Sipendi kuonekana najisifu.