Tanbihi Zangu za Pugu

Jumatatu, 16 Juni
Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mtindo wa kutaja vyanzo ni suala la nukta na mabano. Hapana. Ni suala la nani abaki ukurasani. Tovuti yetu ya historia ya Dar huandikwa na wasomi wengi, kwa hiyo sisi wahariri wanne lazima tuchague mtindo mmoja. Mimi nataka tanbihi, yaani maelezo yenye namba chini ya ukurasa. Badriya, mwenye duka la vitabu Kinondoni, anataka jina la mwandishi na mwaka kwenye mabano, basi. Mtindo wake ukipita, makala yangu ya msitu wa Pugu itabaki aya tatu. Mengine yote ni tanbihi. Kazi ya miaka! Sekela, mke wangu, ameuliza kama aya tatu hazitoshi.

Jumanne, 17 Juni
Hali si nzuri. Monica, mwalimu wa chuo, yuko na Badriya. Allen, anayefundisha Kiwalani, yuko nami, kwa sababu nilimfundisha sekondari na bado ananiogopa kidogo. Wawili kwa wawili.
Nimepata njia! Katika vikao vyetu mwenyekiti hapigi kura, na kiti hupewa aliye mkubwa kwa umri. Basi Badriya awe mkubwa. Kweli nimemzidi, lakini nani ameona cheti changu cha ubatizo? Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp: "Shikamoo dada Badriya." Kisha akajibu: "Marahaba mdogo wangu. Unaumwa?"

Alhamisi, 19 Juni
Nimemwamkia tena, asubuhi na jioni. Sekela amesoma, amecheka mpaka akaketi. Anasema nilipoanza kazi Badriya alikuwa bado anasuka nywele za shule. Nilimweleza kwamba ukubwa hupimwa kwa busara. Akasema kwa kipimo hicho, kweli Badriya ni dada yangu.

Jumamosi, 21 Juni
Kikao, nyumbani kwa Monica, Sinza. Baa ya jirani ilipiga muziki wa singeli tangu mchana. Nilimwamkia Badriya mlangoni, mbele ya wote, nikapendekeza dada yetu mkubwa akalie kiti. Allen akaunga mkono. Monica alizitazama mvi zangu, akamtazama Badriya, akanywa chai. Badriya akatengeneza mtandio wake, akasema kama wadogo zake wamemheshimu hivyo, atafanyaje? Akakaa.
Ushindi! Kura mbili kwa moja. Ningeweza kuomba tupige papo hapo. Lakini watu wapige kura bila kuelewa? Nikaomba nieleze kidogo.
Nilianza na tofauti ya tanbihi na rejea. Monica akadakia kwamba kila akihamisha aya, namba zangu zinavurugika, na tanbihi ya tumbili inaangukia kwenye aya ya reli. Hoja dhaifu. Niliijibu kikamilifu, kwa mifano. Nilikuwa nimefika kwenye asili ya koma Allen alipoinuka. Akasema, "Mwalimu, nisamehe, nina mazoezi ya kwaya. Sauti ya nne niko peke yangu." Nikamwomba dakika moja tu. Akasema hiyo dakika niliiomba kabla ya chai. Akaondoka!
Nilipomaliza tulipiga kura. Kura moja dhidi ya moja. Badriya akaniuliza, kwa upole kabisa, kura zikilingana desturi inasemaje, mdogo wangu? Monica akajibu kwa niaba yangu kwamba mwenyekiti ndiye anayeamua.
Akaamua.

Jumatatu, 23 Juni
Tanbihi zimeondolewa. Aya tatu, na Pugu yangu imekwisha kabla msomaji hajaketi vizuri. Monica amenitumia nakala ya yote aliyofuta, na pole. Badriya ameandika kwenye kundi kwamba mdogo wake asivunjike moyo, mabano nayo yana nafasi.
Nimesoma azimio letu mara kadhaa. Anasema kweli. Hakuna aliyetaja urefu wa mabano.

Jumatano, 25 Juni
Nimehamia mabanoni. Bano la kwanza linafunguka katika sentensi ya pili na kufungwa karibu na mwisho wa makala. Jina na mwaka vimo, mtu akitafuta.
Badriya ameshaona. Ameitisha kikao kingine Jumamosi, kuweka kikomo. Anasema safari hii atakuja na mto wa kuegemea.
Sina hofu. Nimekaa nikachunguza kwa utulivu kwa nini tulishindwa, kama nilivyokuwa nikiwafundisha vijana kuchunguza vita. Sababu ni moja, tena iko wazi: maelezo yangu yalikatizwa. Yanahitaji muda zaidi. Jumamosi nitaanza mbali kidogo, kwenye uvumbuzi wa karatasi.
Cha kufanya leo: mpigie Allen, ahamishe mazoezi ya kwaya.