Dirisha la Mpambaji

Jumatatu, 4 Machi
Dhuluma! Bosi kampa Mpambaji wa keki meza ya dirishani. Mimi mkandaji wa unga nimeachwa ubavuni mwa tanuri. Ati krimu inayeyuka. Na mimi je, siyeyuki? Mke wangu kasema niongee na Bosi kwa adabu. Adabu! Tangu lini adabu ikaleta upepo?

Jumanne, 5 Machi
Nimeokota lulu! Redioni wakili mmoja kasema "redress of grievances". Nikamuuliza mke wangu, maana Kiingereza kinampanda. Akasema ni kurekebishiwa dhuluma uliyotendewa, ila kabla ya kuidai ujikague mwenyewe kwanza. Nilisikiliza nusu ya mwanzo. Inatosha. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka shemeji akauliza kama naumwa jino.

Alhamisi, 7 Machi
Kikaoni nimesimama, nimefuta unga puani, nimetamka: "I seek redress of grievances!" Sawasawa, bila kigugumizi. Mpambaji mdomo wazi! Bosi akauliza maana yake. Nikaeleza kwa mbwembwe: kila aliyeonewa asikilizwe, kila kosa lirekebishwe. Bosi akapiga makofi. Akasema tuanze papo hapo, kila mtu aseme lake. Moyoni nilishafika dirishani.

Muuzaji akasema kuna mtu anamega keki za wateja. Mchomaji akasema kuna mtu anamwachia masufuria machafu. Mpambaji, kwa upole, akasema kuna mtu anapaka krimu yake kwenye mkate wa chai. Mtu gani? Mimi! Mara tatu! Bosi akacheka hadi akakaa: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ijumaa, 8 Machi
Makosa yamerekebishwa. Naosha masufuria ya wote. Karo la kuoshea vyombo liko nyuma ya tanuri. Joto mara mbili!

Mchana Mpambaji kaniita nikapunge upepo kwake. Raha iliyoje! Nusura nilie. Kasema kumbe ni dirisha tu, ningemwambia tangu Jumatatu angenipisha. Kasema nihamie kesho, yeye atabanana pembeni.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekataa. Cha kupewa hakina heshima. Nimeazima kamusi ya shemeji, ile nene. Safari hii nitatafuta maneno marefu zaidi, na dirisha lile nitalipata kwa haki!