Winchi ya Kufikisha Begi Tudor

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imekwisha, Mfungo Mosi umeingia, mwanangu Taha anaoa. Jumamosi ijayo tunapeleka begi kwa bibi harusi, Saadia, huko Tudor. Begi, kwa asiyejua (ingawa shajara hii haisomwi na mtu, ila Mejumaa nikiwa nimelala), ni sanduku la nguo, manukato na dhahabu ambalo upande wa bwana harusi hulipeleka kwa nyimbo na vigelegele. Gari lenye begi hutangulia. Ndilo linaloonekana!

Mke wangu Mejumaa ameamua begi liende katika gari la kaka yake, Bassam. Bassam anauza kanga Biashara Street na ana gari jipya, jeupe, la viti vya ngozi. Langu ni la porini, kuukuu, lina historia. Mejumaa asema historia hiyo inanuka dizeli. Lakini baba wa bwana harusi ni mimi! Mwalimu wa fizikia, hata aliyestaafu, hashindani. Hufikiri.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefikiri. Nyumba ya kina Saadia iko mwisho wa Tudor, njia ya udongo inayoteremka kwenye mikoko. Gari jeupe litanasa mbele ya wakwe. Nani ataliokoa? Mwenye winchi, mashine ya kamba ya kuvutia magari yaliyonasa. Begi litahamia kwangu, watu wakiona, na Bassam atasema ahsante, shemeji.

Nimemweleza Mejumaa ile sehemu ya mvua tu. Akanikumbusha kwamba tunakwenda Tudor, si Garissa, na kwamba tuktuk hufika huko kabla sijapata funguo zangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Shimanzi, kwa Tsofa, muuza vipuri vya malori. Nilimweleza kwamba winchi huchaguliwa kwa akili. Kwanza nguvu: iweze kuvuta mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa, kwa kuwa tope nalo huvuta kwake. Pili kamba: waya wa chuma hustahimili mawe, ila ukikatika hupiga kama mjeledi. Kamba ya nailoni ni nyepesi, ila jua na mchanga huila. Tatu betri, maana winchi hunywa umeme kama ngamia. Tsofa akauliza: "Mwalimu, wewe wanunua au wauza?" Wateja walikuwa wamekusanyika. Mmoja alikuja kutafuta taa, akaondoka anataka winchi.

Tsofa alinitolea ndogo, sawa kabisa na hesabu yangu. Lakini pembeni palikuwa na kubwa ya lori. Nyekundu! Nimechukua nyekundu. Hesabu ni za wanafunzi.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi Masha wa Makupa ameichomelea mbele. Pua ya gari imeinama kama mtu anayetafuta sindano. Masha asema springi zinalia. Nimemwambia gari limeinamisha kichwa kwa adabu. Bassam alipita, akauliza kama nimepata kazi bandarini. Baraza zima likacheka. Wacheke!

Alhamisi, 10 Aprili

Jua! Jana jua, leo jua. Nimekwenda Tudor kukagua. Njia imekauka kama kaki. Msiba.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepata dawa. Baada ya sala niliwaagiza wauza maji wa mikokoteni wamwage madumu yao yote kwenye bonde la ile njia, karibu na nyumba ya Saadia. Katika mji ambao mifereji hutoa upepo badala ya maji, watu walisimama kutazama kama palipotokea ajali. Bibi yake Saadia, Bi Ummukulthum, akatoka kuuliza kulikoni. Nikasema natuliza vumbi, bibi harusi asije akakohoa. Machozi yakamlengalenga! Akaita majirani waje waone mkwe mwenye adabu. Mmoja akaleta ndoo zake, akaniongezea.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nimekalia gazeti. Amri ya Mejumaa, mpaka nioge tena.

Bassam alitangulia na begi. Akaingia topeni. Nikaishika rimoti ya winchi. Akatoka topeni! Gari jeupe lilipita kama halikuona kitu. Mimi nyuma yake, pua ikazama mpaka taa.

Bassam akasimama pakavu, wanawake wakateremka, akasema atanivuta. Kuvutwa! Na yeye! Nikamwambia hapana shemeji, najivuta mwenyewe, wewe uwe nanga tu. Mti hapakuwa, na nguzo ya umeme ni ya serikali. Nikapachika kulabu nyuma ya gari lake, nikamwambia akae ndani, mguu kwenye breki, asiuondoe. Nikamweleza kwamba magari mawili yakivutana, lisiloishika ardhi ndilo linalokwenda. Nilieleza kwa kituo. Wanawake walimaliza wimbo mzima.

Winchi ikanguruma. Gari langu likasogea! Ndipo Bi Ummukulthum alipotokeza mlangoni.

Sasa, mtu aliyelelewa Mji wa Kale hamwamkii bibi kizee akiwa amekaa garini. Bassam akashuka, akambusu mkono. Shikamoo, bibi. Marahaba, mwanangu, wambaje? Watoto? Duka? Mguu wa mamako? Maswali hayo hujibiwa moja moja. Nami nikaweka mikono miwili kifuani kwa adabu, rimoti ikiwa katikati, kidole gumba juu ya kitufe.

Tulipofika kwenye mguu wa mamake, gari jeupe lilikuwa linakuja kwangu kinyumenyume. Halikuwa na haraka. Likaketi topeni, mkia wake kwenye winchi yangu. Begi ndani!

Mejumaa akavua viatu, akapandisha buibui, akaingia topeni, akalitoa begi na kujitwika kichwani. Halikuguswa na tone. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo! Watu wote walisema begi lililotwikwa na mama wa bwana harusi mwenyewe ndilo lenye baraka. Baba wa bwana harusi hakutajwa. Bi Ummukulthum tu ndiye aliyenitazama, akalitazama tope, akasema: "Vumbi limetulia, mwalimu."

Jumapili, 13 Aprili

Nimechunguza jambo hili kisayansi. Winchi haina kosa. Iliambiwa ivute, ikavuta. Kosa ni mwelekeo. Winchi yangu haikuumbiwa kuvuta mbele, imeumbiwa kuvuta juu.

Kitanda cha maharusi, cha mvule, hakipiti kwenye ngazi zetu, na mafundi wanataka kukikata miguu. Kukata miguu ya kitanda cha mwanangu! Nitakipandisha kwa winchi mpaka roshani ya ghorofa ya tatu. Bassam hasemi nami, lakini amekubali, kupitia Mejumaa, kusimama roshanini na kushika kamba ya kukiongoza. Nimempelekea maelezo, pamoja na mchoro, kwamba asiiachie hata kidogo.

Na ili heshima irudi mahali pake, nimemwalika Bi Ummukulthum. Ataketi barazani, chini ya roshani hapo hapo, apate kuona vizuri na kusalimiana na kila mtu.