Ombi la Kunyimwa Viza ya Aislandi

Rhotia, Karatu
12 Mei

Ndugu Afisa Viza,

YAH: KUOMBA KUNYIMWA VIZA MLIYOKWISHA KUNIPA

Kwa miaka arobaini na mbili kuna jambo nimelificha, na daktari wangu amenishauri, kwa upole wa watu waliosoma, nisipange kulificha kwa muda mrefu zaidi. Nitalieleza mahali pake. Kwanza nina malalamiko, na mwalimu hafundishi somo la pili kabla ya la kwanza.

Mimi ni Mwalimu Inosenti Akonaay, mstaafu, umri miaka themanini na moja. Moyo wangu umepanuka. Daktari anasema mwili huu umebakiwa na safari moja ya kukaa kwenye kiti, inayofuata nitabebwa.

Mwanangu Josephati ni dereva wa watalii. Mwaka jana aliwashusha kreta ya Ngorongoro Bwana Gunnar na mkewe, raia wa kwenu. Aliwaambia kwamba yote anayoyajua juu ya kreta alifundishwa na baba yake. Basi wametualika Aislandi sisi wawili, siku kumi za mwezi Juni, tiketi juu yao. Josephati hajapata likizo tangu aanze kazi, na siku hizi anaosha gari huku akiimba. Mke wangu Angelina ameninunulia soksi sita za sufu. Viza mmenipa. Kila mtu ametimiza wajibu wake isipokuwa mimi, ambaye nalalamika kama ifuatavyo:

1. Siku ya tatu, kwa mujibu wa ratiba, tutapelekwa kuona kreta. Ndugu Afisa, mtu wa Rhotia apandishwe ndege tatu ili akaonyeshwe shimo? Ni sawa na kumtoa mtu Oldeani, katikati ya mibuni, ukamkaribishe kahawa ya kopo. Zaidi ya hayo, Bwana Gunnar anakiri kwamba ndani ya kreta yenu hamna mnyama hata mmoja. Kreta isiyo na mnyama huku kwetu tungeifukia tukapanda maharage.

2. Nimeambiwa kwamba mwezi Juni jua lenu halizami sawasawa. Linagusa maji na kurudi juu, kama mtoto anayeogopa kuoga. Kidonge changu nameza jua likizama. Nawauliza rasmi: nikimeze lini? Nikifa kwa kungoja usiku, cheti kitaandikwa tarehe ipi, wakati siku haijaisha?

3. Mna mabwawa ya maji ya moto yatokayo ardhini, ambamo wageni huingia pamoja, na kabla ya kuingia sharti mtu ajioshe bila nguo mbele ya wenzake. Nimefundisha miaka thelathini na sita. Wanafunzi wangu wametapakaa duniani. Serikali yenu iko tayari kunihakikishia kwa maandishi kwamba hakuna hata mmoja wao ndani ya bwawa hilo?

4. Nchi yenu imezungukwa na maji pande zote. Haina jirani. Huku kwetu mbuzi akipotea tunajua nyumba ya kwenda kuuliza, na mpaka wa shamba usipogombaniwa miaka miwili, watu hudhani wenye shamba wamekufa. Sielewi ninyi hulalamika juu ya nani. Nina hofu kwamba mgeni akifika ndiye anayepewa kazi hiyo.

5. Viza mmenipa ndani ya siku tisa tangu niombe. Tisa tu. Vijana wenye nguvu wa hapa Karatu huomba viza za nchi za watu wakanyimwa hadi wakaota mvi. Fomu yenu iliniuliza nina sababu gani ya kurudi nyumbani. Nikaandika: kuzikwa. Mkaona inatosha. Naomba afisa aliyepitisha jibu hilo aonywe, ingawa asikatwe mshahara.

6. Hili ndilo kubwa. Bwana Gunnar amekodi ukumbi wa kijijini kwao. Jioni ya siku ya nne nitawahutubia watu mia moja na ishirini juu ya kreta ya Ngorongoro, kisha wataniuliza maswali. Hotuba siiogopi. Maswali, Ndugu Afisa, hayana adabu. Yanaweza kutokea upande wowote. Ikiwa viza haifutiki, naomba itungwe sheria, hata ya muda, ya kukataza maswali katika kisiwa kizima kuanzia saa moja hadi saa tatu jioni hiyo.

Msinidhanie mjinga wa habari hizi. Mwaka 1983 niliandika kijitabu cha kurasa ishirini na mbili juu ya kreta: njia ya kushukia, msitu wa Lerai, Ziwa Magadi, vifaru, viboko, vyote. Madereva wa Karatu walikikariri kabla hakijakauka wino. Hadi leo, gari lolote likiwapita tembo dume kule chini, dereva huwaambia wageni: "Hawa hawana haraka kwa sababu wake zao wamebaki juu." Sentensi hiyo ni yangu, ukurasa wa tisa. Nilikuwa mkali katika ukweli. Qamara, mtoto wa jirani yangu, aliwahi kuandika katika insha kwamba walipokuwa kreta simba alikuja kulala kwenye kivuli cha lori la shule. Nilimpa sifuri, nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: Simba si mbwa. Leo Qamara analima vitunguu, na tukikutana kanisani hunisalimia vizuri kuliko ninavyostahili.

Kwa sababu hizo, mtu anayeijua kreta kama mimi hana jambo la kwenda kutafuta kisiwani. Naomba viza ifutwe kabla ya tarehe moja Juni, na lawama ziwe juu yenu, kwa kuwa nyie mko mbali na hamtamwona Josephati akiambiwa.

Wasalimieni Bwana Gunnar na mkewe, wasalimieni wote watakaokosa kunisikia ukumbini, na jua lenu mlipe pole kwa kazi isiyo na mapumziko. Angelina anawasalimu na anauliza kama soksi zinaweza kurudishwa dukani.

Wenu katika utii na malalamiko,
Mwl. Inosenti Akonaay

Baada ya sahihi: Barua hii ataipeleka Josephati, na najua huzisoma barua zangu kabla ya kuzituma, akisema anakagua anwani. Kwa hiyo sikuibandika bahasha.

Mwanangu, kila mwaka lori la shule la kwenda kreta lilikuwa na nafasi moja pungufu, na mimi yangu nilimpa mtoto. Waliporudi niliwaandikisha insha, nikazisahihisha, na kijitabu nikakitoa humo. Baada ya hapo ningemwomba nani anionyeshe? Getini kila kijana alikuwa mwanafunzi wangu. Nilipopita juu ukingoni mara moja tu, na basi la Loliondo, waliniambia, "Karibu tena, Mwalimu," na kule chini ulijaa ukungu mtupu. Ukungu ndio kitu pekee nilichokiona kwa macho, na ndio pekee ambao sikuuandika.

Mwezi uliopita ulinionyesha picha katika simu yako: simba amelala kwenye kivuli cha gari lako. Uliona nikitoka nje, ukadhani ni moyo. Nilikwenda kwa Qamara. Nimempa kumi kwa kumi. Alicheka, kisha akaniuliza mimi simba nilimwona amelala wapi, nami nikaaga nikarudi nyumbani.

Aislandi nenda na mama yako, soksi zinamtosha. Mimi safari yangu moja naiomba karibu zaidi. Jumatano huna wageni. Nipitie asubuhi, na getini wakisema "karibu tena" usiwasahihishe, nitawasahihisha mwenyewe. Sijawahi kushuka kreta.