Jalada Langu na Kishikwambi cha Kidole

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Muuguzi Kidole (namwita hivyo kwa kupapasa kishikwambi mchana kutwa) kamwambia tabibu mwongozo wa matibabu uhamie humo, nami ninyang'anywe ufunguo wa kabati lenye jalada la mwongozo huo. Mimi! Miaka kumi na tisa nachomoa kurasa kuukuu za jalada na kupachika mpya zikiletwa. Zahanati nzima inatibu kwa mkono wangu! Nikamuuliza, mjukuu wangu, hicho kioo kikidondoka utatibu kwa vigae? Akanijibu, babu, kurasa mpya zimelala mezani kwako tangu Januari. Mdomo huo! Tabibu kasema mkaguzi anakuja Alhamisi, yeye ndiye ataamua.

Jumanne, 4 Machi
Nimepachika zote kabla ya chai. Thelathini na moja toka, thelathini na moja ingia. Zikabaki mpya mbili zisizo na kuukuu za kutoa: 31A na 31B. Nambari gani hiyo yenye herufi? Wachapaji wanazidisha mambo. Nimezikunja chini ya mguu wa meza. Haiyumbi tena!

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya fedheha. Nilipanga mkaguzi aone jalada likitibu mtu kwa macho yake. Mtu mwenyewe mimi. Alipoingia tu, nikajikohoza mpaka kofia ikadondoka. Wiki tatu sasa, nikasema, kwa sauti ya kufa. Tabibu akafungua jalada, akasoma: mgonjwa akikohoa zaidi ya wiki mbili, mfanyie yafuatayo. Akafunua. Mkaushe, mfunike vizuri, mweke kifuani kwa mama anyonye ndani ya saa ya kwanza.

Mkaguzi, mama mwenye miwani, akaniuliza kwa upole kama mama yangu yu hai. Kidole akacheka mpaka akakaa chini. Kisha mama yule akakunja uso. Angekuwa mgonjwa wa kweli, akasema, angerudi nyumbani na kifua kikuu chake bila kupimwa. Nikainama mwenyewe kuzitoa 31A na 31B chini ya mguu wa meza; kipimo cha makohozi kilikuwa humo. Ufunguo ukaenda. Na kwa kuwa nilisema wiki tatu, nikapewa kikopo niteme makohozi. Sina hata tone!

Ijumaa, 7 Machi
Habari imefika nyumbani kabla yangu. Mama watoto kanipa uji, kanipigapiga mgongoni, kaniuliza kama nimecheua. Mke wa ndoa!

Jumatatu, 10 Machi
Kidole yuko chumba cha kuzalishia, mikono ina glavu. Kishikwambi mezani kikalia, kikawaka: mwongozo mpya umefika. Akapaza sauti, babu, nisaidie, bonyeza Sasa! Nikachungulia. Vitufe vitatu. Sasa. Baadaye. Usinikumbushe Tena.

Nikawaza: mwongozo ukichakaa humu, watarudi kabatini kwangu wamepiga magoti. Nikabonyeza cha tatu. Kwa nguvu.

Tayari, mjukuu wangu, nikamwambia. Akanishukuru! Haki ya Mungu, mtoto yule akanishukuru!